Laini kwa Jina la Mama Eugénie

Inspekta Éphraïm Kalenga alikuwa na hasira tangu asubuhi, na hakuona sababu ya kuificha. Aliegesha pikipiki yake mbele ya nyumba ya matofali mabichi huko Kikula, akatazama mlango wa bati uliopinda, akatazama masufuria meusi yaliyolazwa kifudifudi uani, kisha akasema kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia:

"Hii njo commerce en ligne? Hii?"

Ofisi yake ya kodi ilikuwa imemwambia kwamba hapa ndipo anapokaa mwenye Maison Providence, duka ambalo nusu ya akina mama wa Likasi wananunua kwake nywele za bandia, viatu, friji na masufuria yasiyoshika chakula. Duka lenyewe halina mlango wala kibao. Muuzaji anaonyesha bidhaa kwa video jioni, wateja wanaandika wanachotaka, wanatuma pesa kwenye namba ya simu, na motard, dereva wa pikipiki, anawapelekea mzigo nyumbani. Hakuna ubaya hapo. Ubaya ni kwamba tangu duka lianze, hakuna mtu aliyefika ofisini kusema nimeuza, nimepata, na sehemu ya serikali ni hii. Sheria haijali kama unauzia kwenye meza ya soko au kwenye kioo cha simu. Anayepata ndiye anayetangaza mapato yake, tena mwenyewe, bila kungoja kufuatwa.

Huyu alifuatwa. Kampuni ya simu iliulizwa laini ile ni ya nani, ikatoa jina. Ofisi ikapiga hesabu ya kodi, ikaongeza faini, ikaandika barua, na barua hazikujibiwa. Sasa Ijumaa nyumba ingefungwa na kubandikwa karatasi mlangoni, na leo ilikuwa Jumatano. Hakuna hata mmoja kati ya wale waliotia sahihi aliyejisumbua kuja kuiona nyumba yenyewe. Hilo ndilo lililokuwa linamchoma Kalenga rohoni.

Mwenye jina, Eugénie Kabamba, alikuwa mjane wa makamo, mnene, mwenye mikono iliyolowa hadi viwikoni. Alikuwa anachuja munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi anachokiuza kwa kikombe sokoni. Simu yake ya vibonyezo ilikuwa juu ya kigoda, imefungwa kwa kamba ya mpira ili betri isidondoke.

"Mama, barua ulizipata?"

"Nilizipata, papa. Jirani alinisomea."

"Juu ya nini haukukuya ku bureau?"

"Kusema nini?"

"Kusema hauko weye! Unauza friji, weye? Friji yako iko wapi?"

Mama Eugénie aliendelea kuchuja. Kalenga alikwisha kuhoji watu wengi katika mji huu, na alijua mtu anayeonewa anavyokuwa. Anapiga kelele, anaapa kwa jina la Yesu, anaita majirani washuhudie. Huyu hakukana wala hakukubali. Jambo la ajabu zaidi, hakuuliza ni nani aliyemfanyia hivyo.

"Karte yako ya électeur, ile ya kupigia kura, nani alishaka kuishika?"

"Bantu bingi. Pa église, juu ya liste ya bajane. Na kwa Pitshou wa cabine, siku nilinunua SIM."

"Na mu famille?"

"Batoto yangu tu. Hadassa, iko Kolwezi. Na Tania, iko hapa ku ville na bwana yake."

"Bwana yake anaitwa nani?"

"Bwana ya Tania."

Akafunika chungu, akasema munkoyo unataka kupumzika. Kalenga hakukazia. Alilelewa na watu wa aina hiyohiyo. Mama mkwe hatamki jina la mkwe wake, hali naye chakula, na akimwona anakuja njiani anageukia upande wa pili. Ndiyo buko, heshima ya ukwe, na hakuna mpelelezi anayeichukua heshima kuwa ni dalili ya uhalifu. Alipanda pikipiki yake akaelekea kwa Pitshou, na huko akapoteza sehemu kubwa ya asubuhi.

Pitshou alikuwa kijana wa mwavuli mmoja, meza moja na mdomo usiochoka. Anauza salio, anatoa na kupokea pesa za simu, anaandikisha laini mpya. Kalenga alimwekea kitambulisho chake mezani bila salamu.

"Laini ya Maison Providence, weye njo uliandikisha."

"Kama iko ku code yangu, njo minye, chef. Ninaandikisha kila siku."

"Kwa karte ya mama ya munkoyo. Alikuya mwenyewe, ao ulitumia tu copie ya karte yake?"

"Alikuya na miguu yake! Alinunua SIM mbili. Nikamucheka: mama, téléphone iko moja, SIM mbili za nini? Akasema, weye andika tu."

"Unaongopa."

"Chef!"

"Unaongopa. Uliandikisha ya pili kwa jina yake, ukaiweka mu mufuko, bibi yako akaanza kuuza. Weye njo Providence. Simama, tunaenda."

Watu waliokuwa wanasubiri kutoa pesa walirudi nyuma. Pitshou hakusimama. Alikuwa na hasira yake pia, na ilikuwa hasira ya haki. Alichomoa simu, akatafuta, akamsukumia Kalenga usoni.

"Angalia! Ile live ya jumatatu. Jumatatu, Kikula ilikuwa na courant? Weye uko wa hapa ao uko wa Kinshasa?"

Kalenga aliangalia. Kwenye video, mikono ya mwanamke ilikuwa inageuzageuza sufuria jekundu. Uso haukuonekana. Kwenye kidole gumba cha kulia palikuwa na kovu refu, kama la mafuta ya moto. Juu yake taa iliwaka nyeupe, na feni ya dari ilizunguka polepole. Alikumbuka. Jumatatu transfoma ya Kikula ilipasuka mchana kabisa, na umeme wa bwawa la Koni ukaishia mjini. Mtaa mzima ulipikia gizani, na watu walimtukana kila mkubwa waliyemjua jina.

"Kuko groupe," alisema, ingawa alijua anabisha bure.

"Ongeza sauti. Unasikia groupe?"

Hakukuwa na mlio wa jenereta. Palikuwa na sauti ya mwanamke, changamfu na tamu, ikitaja bei na namba, na nyuma yake palikuwa kimya kama kwenye nyumba ya watu wenye pazia nzito. Muuzaji hakuwa Kikula. Alikuwa upande ule wa mji ambako umeme ulikuwepo.

"Sema pardon, chef," Pitshou alisema. "Bakiriyo yangu banasikia."

"Pardon," Kalenga alisema. Lakini alipokuwa anarudi kwenye pikipiki, lililomkaa kichwani halikuwa feni. Ni zile laini mbili. Kama Pitshou alisema kweli kuhusu umeme, huenda alisema kweli kuhusu laini. Basi Mama Eugénie hakuibiwa kitambulisho. Alikwenda mwenyewe, akanunua laini ya pili kwa jina lake, akampa mtu. Tena mtu ambaye, hata nyumba ikienda, hawezi kumtaja.

Alirudi uani kwa mjane. Safari hii hakuuliza maswali. Alichukua simu yake mwenyewe, akamnyooshea.

"Mama, hii njo namba ya Providence. Piga. Sikia sauti ya ule anakula mu jina yako. Umuambie mwenyewe hasira yako."

Mama Eugénie aliirudisha mikono yake ndani ya kitenge.

"Siwezi."

"Juu ya nini? Haumujue. Ni mwizi tu. Mwizi unamuogopa?"

"Papa, nimesema siwezi."

Mtu asiyejua nani ameshika laini ile angepiga mara moja, hata kwa udadisi tu. Kalenga alibonyeza namba, akafungua spika, akaiweka simu juu ya kigoda. Iliita. Kabla hata haijapokelewa, Mama Eugénie alikuwa amekwisha geukia ukuta, amevuta kitambaa cha kichwani hadi kikafunika macho.

"Maison Providence, bonjour," ilisema sauti ya kiume, laini, ya mtu aliyeshiba. "Allô? Tunakusikiliza."

Kalenga alikata. Kuku walikuwa wanadonoa machicha ya munkoyo, na yule mama bado alikuwa ameelekea ukutani. Kuna mwanamume mmoja tu ambaye mwanamke wa umri ule anaifunikia sauti yake kichwa. Hakuhitaji ushahidi mwingine, ingawa ofisi ingeuhitaji.

"Tania njo alikuomba ile SIM?"

Kitambaa kilitikisika kidogo kukubali.

"Alisema ni ya nani?"

"Ni ya kusaidia mutu wa bwana yake. Kisha zile barua zilikuya na ile namba. Nikajua."

"Ukanyamaza! Mama, Ijumaa bantu banakuya na kufuli! Utalala wapi?"

"Mutoto yangu iko mu ile ndoa," alisema Mama Eugénie, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Nisimame mbele ya leta, mbele ya bantu ya serikali, niseme muko wangu ni mwizi? Batamurudisha Tania na batoto yake kesho yake. Nyumba ni yangu. Kama inaenda, ni minye inaniendea. Wacha, papa. Minakuomba, wacha."

Kalenga hakuacha. Alikuwa na hasira na mama huyu karibu sawasawa na aliyokuwa nayo dhidi ya mkwe. Alitoka bila kuaga, jambo ambalo mama yake mwenyewe asingelisamehe.

Nyumba ya Tania ilikuwa mjini, yenye ukuta, geti la chuma na gari dogo jeupe uani, jipya mpaka viti vilikuwa bado na nailoni. Juu ya geti palikuwa na kibao. Kalenga alikisoma, akakisoma tena. Kibao kilisema kwamba hapa Monsieur Adrien, mhasibu, anawasaidia wafanyabiashara kutangaza mapato yao kwa mujibu wa sheria.

Adrien mwenyewe, mume wa Tania, alikuwa kijana wa shati jeupe, shemasi wa kanisani hadi kwenye namna yake ya kukunja mikono. Alimkaribisha Kalenga sebuleni, chini ya feni ya dari.

"Inspecteur, asseyez-vous. Ni mukiriyo yangu moja iko na problème?"

"Ni Maison Providence."

"Ah." Adrien alifikiri, au alijifanya anafikiri. "Nimesikia ile boutique. Lakini loi iko claire, inspecteur. Makuta inaingia ku namba. Namba iko na jina. Mwenye jina njo anadéclarer, njo anatangaza mapato. Muulize mwenye jina."

"Nilimuuliza."

"Na alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Voilà," alisema Adrien, na akatabasamu.

Ni tabasamu lile lililomtosha Kalenga. Mtu huyu hakuwa ameficha mapato yake kwenye sanduku wala chini ya godoro. Aliyaficha ndani ya heshima ya mama mkwe. Alijua yule mama angefukuzwa nyumbani kwake, angelala barazani kwa watu, na bado asingelitamka jina lake. Aliihesabu adabu ya mwanamke mzima kuwa faida.

"Unajua buko vizuri sana, weye," Kalenga alisema polepole.

"Siye wote ni bantu ya hapa."

Mlango wa ndani ulifunguka, na mwanamke mwembamba akaingia na sinia ya maji. Nyuma yake, kabla mlango haujarudi, Kalenga aliona maboksi yamepangwa mpaka juu, na sufuria jekundu juu ya meza. Mwanamke alimpa glasi kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo. Kwenye kidole gumba cha kulia palikuwa na kovu refu.

"Merci, madame Tania," alisema. "Ile mafuta ilikuunguza lini?"

Alicheka kwa mshangao. "Ya beignets, papa. Zamani, kwa mama."

"Tania, rudi ndani," alisema Adrien.

"Mama yako Eugénie," Kalenga alisema bila kushusha sauti, "Ijumaa leta inafunga nyumba yake. Unajua?"

"Nyumba ya mama? Juu ya nini?"

"Inspecteur, ça suffit. Bibi yangu haiko mu ile affaire."

"Juu ya Maison Providence. Namba ile unatajaka kila siku mu live iko kwa jina ya mama yako. Impôt yote ya ile boutique, na amende yake, banamudai yeye."

Tania alibaki na sinia mkononi. Hakumtazama Kalenga, alimtazama mumewe, na uso wake ulibadilika polepole huku akiunganisha mambo.

"Ile SIM," alisema. "Ile nilimuomba mama. Ulisema ni ya mukiriyo yako wa Kamatanda. Mucreuseur wa kuchimba madini, haina karte. Ulisema tumusaidie."

"Tania, tutaongea siye wawili."

"Na kila mwisho wa mwezi unaweka makuta pembeni, unaniambia, hii ya impôt, usiiguse. Sikuigusa! Nilinyima batoto viatu, sikuigusa! Iliendaka wapi?" Halafu akageukia dirisha, akaliona gari jeupe na viti vyake vya nailoni, na hakuhitaji kujibiwa.

Sinia ilianguka. Adrien aliinuka, akasema kwa Kifaransa safi kwamba mkewe hatasema lolote bila wakili. Tania alikuwa amekwisha kaa mbele ya Kalenga.

"Andika, papa. Maison Providence ni yangu na bwana yangu. Minye ninauza, yeye anapokea. Mama hajakula hata franc. Bei nitakuambia, marchandise iko mu chambre, kuja uhesabu mwenyewe."

"Madame," Kalenga alisema, kwa sababu alipaswa kusema, "ukidéclarer, faini itakuangukia na weye. Haitakuwa yake peke yake."

"Iniangukie. Niliuza, nilipata. Andika."

"Unaniuza ku bantu ya impôt?" Adrien alifoka. Ulaini wote wa sauti yake ulikuwa umekwisha. "Weye, mama ya batoto yangu, unaniuza?"

"Hapana kukuuza. Ni kukudéclarer. Weye njo ulinifundisha ile kazi, iko mpaka ku geti yako."

Alitia sahihi. Kalenga alimpelekea Adrien karatasi na kalamu, na Adrien alikaa nazo muda mrefu, akitafuta mlango mwingine wa kutokea, na hakuupata, kwa maana sheria yenyewe alikuwa anaijua kuliko wote waliokuwamo chumbani. Akatia sahihi, kisha akasema bila kumtazama mtu kwamba mwanamke asiye na heshima arudi kwao, na asubuhi ya kesho isimkute hapa.

Alhamisi asubuhi Kalenga alifika tena Kikula, na uamuzi wa ofisi mfukoni. Nyumba haingefungwa. Jina la Eugénie Kabamba lilikuwa limeondolewa kwenye deni. Alikuwa amejiandaa kidogo kupokea shukrani, tena hata kikombe cha munkoyo.

Mama Eugénie alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka mikono kiunoni.

"Nani alikutuma?"

"Mama?"

"Minauliza, nani alikutuma? Nilikuomba na mudomo yangu, wacha! Umeniokolea matofali, muzuri. Matofali hata minye nitafinyanga ingine. Ndoa ya mutoto utaifinyanga na nini? Na hii karatasi yako?"

"Mama, alikuwa anakuibia—"

"Ninajua alikuwa ananiibia! Niko mujinga? Nilijua mbele yako!"

Kalenga aliikunja karatasi, akairudisha mfukoni. Alikuwa na sheria nzima ya nchi upande wake, na haikumsaidia kitu. Alibaki amesimama katikati ya uwanja wa watu, hasira yote aliyokuja nayo tangu jana imemgeukia mwenyewe.

Geti la miti lililia. Motard aliingia akisukuma pikipiki iliyofungwa godoro kwa kamba, na nyuma yake Tania, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi, macho yamevimba. Alisimama mbali na mlango, pale ambapo wageni husimama.

"Mama," alisema. "Fasi iko?"

Mama Eugénie alimwangalia binti yake, akaangalia godoro, akaangalia wajukuu. Kalenga alidhani sasa ndipo matusi yenyewe yangetoka. Lakini aliinama, akainua chungu cha munkoyo kilichokuwa kimeziba mlango, akakiweka kando.

"Ingiza batoto kwanza," alisema. "Jua iko kali." Kisha akamgeukia inspekta kwa sauti ileile ya ugomvi: "Na weye, papa, unasimama hapo kufanya nini? Shika upande moja ya ile matelas."